Tarehe 25 Mei: Kutoka Ngamiani Mpaka Amaan

Mimi si mtu wa mpira wa kila siku. Vipindi vya michezo vya redioni hunipita nikiwa nafungua duka, habari za usajili zinanifikia zikiwa zimeshapoa, na ukiniuliza msimamo wa ligi katikati ya msimu nitakutajia timu tatu za juu nikaishia hapo. Hata hivyo zipo timu ambazo zikipoteza, chakula hakishuki. Coastal Union ni ya nyumbani, Tanga. Simba nimeirithi kwa baba. Liverpool niliipata usiku mmoja wa mwaka 2005 kwenye kibanda cha video pale Ngamiani. Zote huvaa nyekundu, ingawa hilo sikulipanga.

Usiku ule wa 2005 ndio ulionitoa Tanga mwezi Mei 2025, kwa hiyo niuseme kwanza. Ilikuwa tarehe 25 Mei, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na AC Milan mjini Istanbul. Nilikuwa nimemfuata rafiki tu, sina timu. Mpaka mapumziko Milan walikuwa mbele 3-0, na watu wengi kibandani wakaenda zao kulala. Sisi tuliobaki tulimwona Gerrard akipiga kichwa, Smicer akaongeza la pili, Alonso akasawazisha, yote hayo hata dakika kumi hazikutimia. Zikaja penalti, Dudek akiwayumbia wapigaji pale kwenye mstari wa goli, na kikombe kikaenda Liverpool. Tulitoka nje saa sita usiku imeshapita, tunakumbatiana na watu ambao mchana wake tusingesalimiana. Toka siku hiyo sikuiacha.

Sasa njoo mwaka 2025. Simba walikuwa kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, na walikuwa wanacheza mpira wa kupandisha presha. Robo fainali walifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, wakarudi Dar es Salaam wakashinda 2-0, halafu wakapita kwa penalti 4-1, Moussa Camara akiwa golini. Nusu fainali walimtoa Stellenbosch wa Afrika Kusini kwa bao moja tu, faulo ya Jean Charles Ahoua iliyopigwa palepale uwanja wa Amaan, Unguja, kisha wakakaza 0-0 Durban tarehe 27 Aprili. Jioni hiyo hiyo Liverpool waliwafunga Tottenham 5-1 na kuwa mabingwa wa England. Baba yangu, ambaye Liverpool kwake ni jina la mji tu, alicheka kuniona nashangilia mara mbili kwa siku moja, tena nikiwa na shati lile lile.

Kisha Simba wakaenda kwa Berkane, Morocco, mechi ya kwanza ya fainali. Dakika ya 8 bao lao, dakika ya 14 bao lao. Mpira ukaisha 2-0. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa kwenye kiti chake barazani, Chumbageni, mkono kwenye goti. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Tanga, na mwaka 1993 alikuwa mtu wa kuomba ruhusa kazini kwa ajili ya Simba. Mwaka huo Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la mpira Afrika, wakatoka 0-0 na Stella Club ya Abidjan ugenini, watu wakaona kikombe kimeshafika Msimbazi, makao ya Simba, halafu wakafungwa 2-0 Dar es Salaam mbele ya watu wao. Mimi nilikuwa mtoto, ninachokumbuka ni redio na nyumba nzima kunyamaza. Toka hapo kila Simba wakifanya vizuri Afrika, hata mwaka 2003 walipomvua Zamalek ubingwa kwa penalti Cairo na kipa Kaseja akawa shujaa, baba hufurahi kwa tahadhari.

Mechi ya marudiano ilipangwa Jumapili, tarehe 25 Mei. Nilipoiona ile tarehe moyo ulinidunda. Miaka 20 kamili. Timu yangu moja ilirudi kutoka 3-0 siku hiyo. Hii nyingine ilikuwa inahitaji mabao mawili kwanza. Najua mpira hauchezwi na kalenda. Lakini nilimwachia mdogo wangu funguo za duka, nikampigia shemeji yangu aliyemwoa dada yangu, anakaa Jang'ombe, Unguja, nikamwambia nakuja. CAF ilikuwa imeshaamua mechi ichezwe Amaan badala ya Uwanja wa Mkapa, kwa sababu ya hali ya nyasi baada ya mvua. Watu wa Dar walilalamika sana, na walikuwa na haki: Mkapa unaingiza watu 60,000, Amaan kama 15,000. Simba kucheza fainali bila Mkapa kujaa ni kitu kilichoniuma hata mimi ninayeenda pale mara chache.

Jumamosi alfajiri basi liliondoka Tanga likiwa na jezi nyekundu nyingi kuliko siku za kawaida. Pale Muheza wauza machungwa wakasogea madirishani kama ada yao, na mmoja aliyevaa jezi ya Yanga akawa anatuuzia huku anatupa pole mapema. Watu wakamjibu kwa kununua na kumwambia aje Jumatatu kupokea salamu. Nilikaa karibu na kijana mmoja fundi umeme, Mgosi kama mimi, yaani mtu wa Tanga, na kabla hatujafika Segera mazungumzo yalikuwa yameshahama kutoka Simba kwenda Coastal.

Watu wasiotoka Tanga hudhani Coastal ni timu ya kukutana nayo njiani tu, pointi tatu za ratiba. Sisi tunajua kwamba mwaka 1988 Wagosi wa Kaya, ndio hao Coastal, walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Wazee wetu waliiona hiyo kwa macho yao, na ukikaa jukwaani Mkwakwani, uwanja wetu, bado utakutana na mtu atakayekutajia kikosi kile jina kwa jina bila kusita. Msimu wa 2023/24 tulimaliza nafasi ya nne, tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho, lile lile alilokwenda nalo Simba mpaka fainali. Safari yetu ilikuwa fupi. Bravos do Maquis wa Angola walitupiga 3-0 kwao, marudiano yakaisha 0-0, tukawa nje tangu Agosti.

Hao hao Bravos wakapangwa kundi moja na Simba. Novemba Ahoua alipowafunga kwa penalti Dar es Salaam, 1-0, nilishangilia dukani mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Yule kijana wa kwenye basi akaniambia naye ilimtokea vivyo hivyo: alishangilia lile bao kama Mgosi kwanza, halafu ndipo akakumbuka kwamba yeye pia ni Simba.

"Na wakikutana wao kwa wao?" akaniuliza.

Hilo swali nimeulizwa mara nyingi na jibu langu halijabadilika: Coastal. Oktoba 2024 Simba walituongoza 2-0 pale uwanja wa KMC, tukarudi 2-2, na siku ile sikuwa Simba hata kidogo. Machi Steven Mukwala akatufunga yote matatu Arusha na nikamchukia jioni nzima. Kisha Aprili huyo huyo Mukwala anawafunga Al Masry, nami niko juu ya kiti namwita mwanangu. Ndivyo nilivyo, na sioni haja ya kulinyoosha. Timu ya mtaa wako unaidai na yenyewe inakudai. Ukiipa kisogo siku inapocheza na mkubwa, utaisemea siku gani?

Mkata, Wami, Chalinze, halafu ile foleni ya kuingilia Mbezi ambayo huwa inanichosha kuliko njia yote. Kutoka stendi ya Magufuli nikachukua usafiri mpaka Kivukoni, nikawahi boti ya mchana. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma na bahari haikuwa na utani. Boti ilipotoka kwenye mlango wa bandari ikaanza kupanda na kushuka, nyimbo za Simba zilizokuwa zinaimbwa juu zikapungua, watu wakashika vifuko vyao vya kutapikia. Mama mmoja aliyevaa kanga nyekundu juu ya jezi alifumba macho mwendo wote, na kila boti ikipiga wimbi alikuwa anasema "nguvu moja, nguvu moja", kaulimbiu ya Simba, kwa sauti ndogo kabisa. Tulipoingia nyuma ya visiwa vidogo vya mbele ya Mji Mkongwe maji yakatulia, naye akafungua macho akauliza kama tumeshafika.

Shemeji alinipokea Malindi. Shemeji ni Yanga, Yanga wa damu, na hilo nalisema kwa heshima. Tarehe 28 Mei 2023 alivuka bahari kwenda Mkapa kuiona timu yake kwenye fainali ya kombe hili hili, akaona Mayele anafunga na bado USM Alger wanashinda 2-1. Wiki iliyofuata Yanga walishinda 1-0 Algiers, matokeo yakawa 2-2, wakakosa kikombe kwa mabao ya ugenini. Usiku ule, tukiwa kwenye mkeka na sahani ya pweza wa nazi aliyepikwa na dada, alinisimulia jinsi alivyorudi na boti ya asubuhi akiwa hajalala.

"Shemeji, mimi Simba siwezi kuwaombea mema, nitakuwa nakudanganya," akaniambia. "Ila wewe nakuombea. Lile nililolibeba mimi mwaka ule, sitaki ulibebe wewe."

Nimekutana na watani wengi maishani, na kesho yake mitaani niliwaona baadhi yao wamevaa jezi za rangi ya machungwa, rangi ya Berkane. Wana uhuru wao, utani huu una umri wa karibu miaka 90 na hautaisha kwa ajili yangu. Lakini maneno ya shemeji niliingia nayo uwanjani.

Jumapili tangu saa nne asubuhi barabara ya kutoka Michenzani kwenda Amaan ilikuwa imefunikwa na nyekundu na nyeupe. Ngoma, vuvuzela, watu wa Pemba waliolala kwenye boti ya usiku, vijana wa Dar waliojichora nyuso, wanawake na watoto. Uwanja wenyewe tangu ukarabatiwe mwishoni mwa mwaka 2023 umependeza, na udogo wake siku hiyo uligeuka nguvu: unamwona mchezaji usoni, na sauti ikitoka jukwaani haina pa kupotelea. Nilikaa nyuma ya goli, kidogo upande wa kulia. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiunguja, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, tasbihi mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akasogea kunipa nafasi, na kabla mpira haujaanza akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanga akauliza kama Mkwakwani bado pako vile vile. Alishawahi kucheza pale ujanani na timu ya Unguja. Baada ya hapo hatukuzungumza tena, maana saa kumi ilikuwa imefika.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga.

Sitajaribu kueleza kelele. Nitasema tu kwamba nilimkamata yule mzee begani na yeye akanikamata mkono, tasbihi ikiwa katikati ya vidole vyetu, na punje zake zilinibana mpaka zikaacha alama. Bao moja. Likija jingine tumesawazisha na zimebaki dakika zaidi ya 70. Nilianza kuiona Istanbul palepale Amaan. Kila Kibu Denis akikimbia na mpira, jukwaa zima linanyanyuka. Kila Berkane wakichelewesha kurusha, watu wanapiga miluzi. Tukaenda mapumziko 1-0, na mzee akasali Alasiri yake palepale kwenye kijia cha jukwaa, watu wakimkinga asikanyagwe.

Kipindi cha pili hakijachangamka, dakika ya 50, Yusuf Kagoma akaonyeshwa kadi nyekundu. Tukabaki 10. Pale ndipo nilipoipenda Simba kuliko siku nyingine zote, kwa sababu hawakurudi nyuma. Wakiwa pungufu, mbele ya timu iliyokuwa imeshalichukua kombe hili mwaka 2020 na 2022, waliendelea kutafuta. Kapombe alikuwa anapanda kwa pembeni na kurudi mbio kama mtu mwenye mapafu ya akiba. Halafu Mukwala, yule yule wa Arusha, akauweka mpira nyavuni.

Hii ndiyo sehemu ambayo bado naiota. Tulishangilia kwa ukamilifu, tukamaliza, tukakaa. Kisha minong'ono ikaanza kutoka upande wa pili wa uwanja: VAR, marudio ya video. Mwamuzi amesimama. Nikamtazama mzee. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye punje moja, haendi mbele harudi nyuma. Jukwaa letu lote lilikuwa linaangalia mkono wa mwamuzi. Bao likafutwa, kuotea. Punje ikasogea.

Sikasirikii VAR. Kama ni kuotea ni kuotea, na sheria hiyo hiyo ingeweza kutuokoa. Ila binadamu hakuumbwa kurudisha furaha aliyokwisha kuitumia. Watu walijaribu kuimba tena, na waliimba, lakini kitu kilikuwa kimetoka. Dakika za nyongeza, Simba wote wamepanda, Soumaïla Sidibé wa Berkane akasawazisha. 1-1. Jumla 3-1. Filimbi ikalia na wachezaji wetu wakadondoka chini mmoja mmoja, na Berkane wakakimbilia kikombe chao cha tatu.

Wengi walianza kutoka. Mimi na mzee tulibaki, pamoja na maelfu wengine, na jambo lililofuata sitalisahau: jukwaa lile likaanza kuwapigia Simba makofi, polepole, kisha kwa nguvu. Mohamed Hussein na wenzake wakapunga mikono huku wanafuta macho. Mzee akanipa mkono, akasema, "Msalimie baba yako," ingawa sikuwa nimemtajia baba.

Nikampigia baba nikiwa nje ya geti. Kelele zilikuwa nyingi, ikabidi nizibe sikio jingine. Nilidhani atakuwa amevunjika kama 1993. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Mwaka ule tulifungwa mbili kwetu," akasema. "Leo tulikuwa 10 na hatukufungwa. Hawa watoto wametuheshimu. Umekula?"

Nikamwambia bado. Akaniamuru nikale.

Jang'ombe ni mtaa wa mpira, una timu zake mbili zinazogombana wao kwa wao, na nilipofika barazani kwa shemeji nilikuta vijana wamezungukia televisheni. Shemeji hakusema kitu. Alinitengea nafasi na dada akaniletea bakuli la urojo, wa moto, wenye bajia na kachori. Kwenye kioo Liverpool walikuwa wanacheza na Crystal Palace mechi ya mwisho ya msimu, Anfield imejaa, kikombe kinasubiri pembeni. Palace walikuwa wametangulia. Dakika ya 84 Salah akasawazisha: 1-1. Timu zangu mbili, siku moja, matokeo yale yale; moja inakabidhiwa kikombe cha ubingwa wake wa 20, nyingine inaangalia wageni wanakibeba.

Van Dijk alipokinyanyua, vijana wawili wa Liverpool pale barazani waliruka. Nami nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, ile timu imenipa mengi tangu usiku wa Ngamiani. Lakini nilifurahi nikiwa nimekaa. Ubingwa ule ungenikuta hata nisingeutazama, ungenisubiri kwenye simu asubuhi. Msiba wa Amaan ulikuwa unataka nivuke bahari niukute. Kama kuna anayedhani hizi timu tatu nazipenda sawasawa kwa kuwa nazitaja pamoja, jioni ile ingemwonyesha. Liverpool naipenda kama hadithi nzuri. Simba ni mambo ya nyumbani kwetu. Na Coastal, ambayo siku hiyo haikuwa hata na mchezaji mmoja uwanjani, ndiyo iliyonifanya nijue namna ya kumpigia makofi aliyepoteza, maana Mkwakwani tumeyapiga mengi.

Jumatatu boti ilikuwa tulivu kuliko ya kuja. Yule kijana fundi umeme nilimkuta kwenye foleni Malindi, jezi ameitia kwenye begi. Mpaka tunafika Dar tulikuwa tumeshabishana kadi ya Kagoma tukamaliza, tumeshabishana Amaan na Mkapa, hatukukubaliana. Kwenye basi la Tanga akajiunga mama mmoja wa Pongwe na kijana mwingine wa Sahare, wote walikuwa Amaan. Tulipoivuka Wami yule mama akauliza Coastal watakuwa Mkwakwani lini, na kila mtu akatoa simu kutafuta ratiba. Tulipeana namba. Mama akasema atakuja na wajukuu, sisi tuwahi kushika nafasi upande wa kivuli.